Nyasi Juu ya Niru

Klin. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya kazi yangu, na nikifumba macho naisikia mpaka leo. Fundi Mkuu alikuwa ameshika matofali mawili ya kuchoma, moja kila mkono, anayagonganisha karibu na sikio kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zilizochoka. Klin. Akaliweka moja kulia. Akachukua jingine, akagonga. Pwa. Hilo akalitupa kushoto bila hata kulitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji kichwani, nimetoka nayo bondeni, shingo inauma, na nilisahau kuitua. Nilijiambia, kumbe udongo ukiiva sawasawa unakuwa kengele.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, pale Omurushaka, kwenye nyumba ya Mwalimu Mkuu mmoja. Nilikuwa nimetoka kwetu Songambele, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa lakini wakati ule yote tuliiita Karagwe. Wazazi wangu walikuwa wametoka Rwanda zamani, wakawa wakulima wa maharage na vibarua wa mashamba ya watu. Shule niliiacha darasa la tano. Nilichokuwa nacho kwa wingi ni ndoto. Nikipalilia, naota nyumba. Nikichota maji, naota nyumba, yenye dirisha la kioo na baraza mbele ambapo mama yangu angekaa akachambua maharage bila kunyeshewa.

“Binti,” Fundi Mkuu akaniambia, “ndoo hiyo unamtunzia nani?”

“Shikamoo, Ta,” nikasema; kwetu mkubwa wa kiume ni Ta, wa kike ni Ma. “Nilikuwa nasikiliza tofali.”

“Linasema nini?”

“Linasema limeiva.”

Vibarua walicheka mpaka mmoja akakalia karai. Fundi Mkuu hakucheka. Alikuwa mtu wa Muleba, Mlutheri, mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele, na maneno yake aliyatoa kama anayehesabu misumari. Alisema, “Kesho uje mapema. Yanayolia weka huku, mabubu weka kule.” Basi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa mara ya pili ndani ya siku moja, mimi Leokadia, asubuhi mbeba maji, jioni msikilizaji wa matofali.

Vijana wa siku hizi mna mashine za kila kitu, kwa hiyo nieleze kidogo vyombo vyetu. Kulikuwa na mwiko, ambao ni mkono wa fundi. Kulikuwa na pimamaji, ubao wenye kichupa cha maji na povu moja ndani, na povu likikaa katikati ujue ukuta au sakafu imelala sawa. Na timazi, chuma kizito kwenye kamba, kinachoning'inia na kukuambia kama ukuta umesimama wima au umelewa. Mara ya kwanza nilipoona timazi ikitulia, baada ya kuyumbayumba, nilishika mdomo. Kamba na chuma tu, lakini vilijua jambo ambalo macho yangu hayakulijua. Hata sasa sijazoea.

Nilipanga matofali mwaka mzima. Mwaka wa pili nikachanganya udongo wa kujengea. Mwaka wa tatu Fundi Mkuu akaniruhusu kupanga kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, tena sehemu ya nyuma inayotazama choo. Vibarua hawakuninyamazia. “Haya, siku hizi kuta zinasukwa nywele,” mmoja akasema. Nikamjibu kuwa afadhali za kusukwa, za kwake zina mba. Fundi Mkuu aligeuka upande mwingine, nikaona mabega yake yanatikisika.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Nyaishozi, nyumbani kwa Ma Paskazia. Alikuwa mjane, mama mzee mrefu aliyepinda kidogo kiunoni kama mgomba wenye mkungu. Nyumba yake aliijenga marehemu mumewe, matofali ya kuchoma kwa udongo, bati juu, na baraza la mbele lililoshikwa na nguzo nne za mti. Mwanawe alikuwa karani wa serikali Bukoba. Alitaka mambo mawili: kumwongezea mama chumba ubavuni, chenye mlango wa kutokea barazani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kukataa vizingiti vya ndani, na kulitengeneza upya baraza lenyewe, maana mchwa walikuwa wamezila nguzo mpaka zikabaki maganda.

Siku ya kubadilisha nguzo sitaisahau. Paa la baraza lilipaswa kubaki hewani wakati miguu yake inakatwa. Fundi Mkuu alisimamisha mirunda, miti imara ya kushikilia kwa muda, akaweka kabari chini ya kila mmoja, vipande vya mbao vilivyochongwa vyembamba upande mmoja kama bapa la shoka. Kisha akaanza kugonga. Mara mbili kwenye mrunda wa kwanza. Akaenda wa pili, mara mbili. Wa tatu. Akarudi. Kila akimaliza mzunguko alisimama, anatazama bati.

“Mbona tusigonge kwa nguvu tumalize?” nikauliza.

“Paa ni mgonjwa. Humwinui mgonjwa kwa mkupuo.”

Tulimwomba Ma Paskazia atoke nje. Alikuwa ndani, karibu na mlango, anamenya ndizi. Akajibu bila kuinua macho, “Nyumba hii imenifunika tangu nikiwa bibi harusi. Leo ndiyo ianze kunitupia vitu?” Basi tukagonga naye akiwa mle ndani, na mimi nasali kimoyomoyo. Kabla ya saa sita nikaona kitu ambacho sikuamini: mwanga. Kati ya kichwa cha nguzo ya zamani na boriti kulikuwa na mstari mwembamba wa jua. Paa zima limeinuka, bati halijalia hata kidogo, msumari haujatoka. Ma Paskazia akatoa kichwa, akautazama ule mwanga, akasema, “Haya. Sasa inapumua.” Akarudi kwenye ndizi zake.

Tuliweka nguzo za matofali. Tukachimba msingi wa chumba kipya na kupandisha kuta zake. Hapa ndipo nilipofundishwa meno. Ukuta mpya ukiukutanisha na wa zamani, unatoboa ule wa zamani nafasi kama meno yaliyong'oka, tofali moja ndani, moja nje, ili mpya uje kuuma humo. Lakini hatukuuma siku ileile. Tuliacha upenyo wazi, mvua mbili tatu zikanyesha, chumba kipya kikajikalia chini kwa uzito wake. “Huyu ni mgeni,” Fundi Mkuu akasema. “Ukimkumbatia kabla hajakaa, akikaa atakuchana.” Nimeona nyumba nyingi zenye ufa kwenye kona ya chumba cha nyongeza, na kila nikiuona najua ni kumbatio la haraka.

Kilipokwisha kukaa tukaufunga ule upenyo kwa meno, ikabaki sakafu. Sasa, saruji ya miaka ile haikuwa kitu cha kuingia dukani ukatoka nacho. Ilikwenda kwa kibali. Yule karani alikuwa ameomba kibali maharage yakipandwa, akajibiwa maharage yakiwa yameshavunwa na kuliwa. Nguzo na misingi zilikuwa zimekula karibu yote. Ilibaki mifuko miwili, ya sakafu ya chumba na ya baraza, na hakuna aliyejua mwingine utaonekana lini.

Asubuhi hiyo Fundi Mkuu akaitwa Omurushaka. Linta ya duka alilokuwa anasimamia ilikuwa imepinda, linta ni ule mkanda unaobeba ukuta juu ya mlango, na mkandarasi wake alitaka afike upesi. Alisimama barazani, akatazama ile mifuko miwili, akanitazama mimi. Maji ya kuchanganyia yalikuwa tayari, mchanga umechekechwa.

“Leokadia. Chumba utakimwaga wewe.”

Nikafuta mikono kwenye kanga.

“Nikirudi nikute kimelala sawa, mwiko huu ni wako, na kuanzia siku hiyo wewe ni fundi. Kikiharibika, saruji nyingine hakuna. Utarudi kwenye ndoo, na mimi sitakuwa na jibu kwa watu wanaoniuliza kila siku kwa nini nimempa mwanamke mwiko.”

Akanikabidhi mwiko wake. Ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja kwa miaka, imekaa kama kucha. Akaondoka na vibarua wawili waliokuwepo, maana linta ilihitaji mabega.

Nilifanya kazi ile kama naota, lakini ndoto yenye jasho. Chini tulikuwa tumeshashindilia mawe na udongo wa kichuguu. Nikamwaga tabaka la saruji na mchanga, nikalinyoosha kwa ubao mrefu, nikiteremsha kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yasituame. Halafu nikapiga niru. Niru ni saruji tupu, bila mchanga, unainyunyiza juu wakati sakafu bado ina unyevu, unaisugua kwa mwiko kwa mkono mwepesi, tena na tena, mpaka ing'ae. Nilirudi kinyumenyume kwa magoti mpaka mlangoni. Nilipoinua kichwa, niliona dirisha lote limelala sakafuni, na wingu moja ndani yake linatembea. Nilikaa pale kizingitini nikatazama wingu likivuka chumba kizima. Mimi ndiye niliyekuwa nimetengeneza hicho kitu.

Lakini jua la kiangazi Nyaishozi halina huruma na niru. Ikikauka haraka inapasuka kama uso wa mzee. Nikaenda shambani kwa Ma Paskazia kukata majani ya migomba ya kuifunika. Sikuona kama nimekaa sana. Nilirudi na mzigo kichwani.

Ma Paskazia alikuwa amesimama barazani, kanga safi, mikono ameifunga tumboni. Anatabasamu. Nikachungulia ndani.

Chumba chote kilikuwa na nyasi.

Wenyeji wa kwetu wanajua. Nyumba ya heshima haikai sakafu tupu. Unakata nyasi laini za mlimani, unazitandika vizuri, vichwa vyote vinaelekea upande mmoja, kisha unazipapasa kwa kiganja zilale. Mgeni anakuja, anavua viatu, anaingia kwenye nyasi. Ma Paskazia, asichafue mng'ao kwa miguu, alikuwa ameweka ubao wangu ule mrefu juu ya matofali mawili kwenye kingo za msingi kando ya kuta, akainama juu yake na kiuno chake kile, akatandika chumba chote kuanzia ukutani hadi mlangoni, akazipapasa shina kwa shina. Kwa kiganja. Juu ya niru mbichi.

“Ma,” nikasema. Nikautua mzigo. “Ma, saruji bado mbichi.”

“Mbichi vipi, na inang'aa hivi? Nilipoona umeiacha uchi nikasema, mwanangu amechoka, ngoja nimsaidie. Nyasi watoto waliniletea tangu jana.” Akanishika mkono. “Nimekutandikia wewe. Aliyejenga chumba ndiye mgeni wake wa kwanza. Ingia, waitu.”

Waitu ni neno la heshima. Watu wa umri wake hawakuwa wakiniambia waitu, mimi mtoto wa vibarua wa Songambele. Niliwaza mwiko uliokuwa mkononi mwangu. Niliwaza ndoo. Machozi yalinijia, na sikujua ni ya kipi kati ya vitu viwili: sakafu iliyoharibika, au kwamba mtu alikuwa amenitandikia nyasi.

“Nitaingia, Ma,” nikamwambia. “Lakini si leo. Tuziache zilale kwanza.”

“Mgeni gani anakataa kuingia?”

“Mgeni mwenye magoti machafu.”

Akacheka, akakubali, akaenda kuchemsha chai. Mimi nikabaki na shauri langu. Mkono ulikuwa unawasha kuzing'oa zile nyasi moja baada ya nyingine. Nikachomoa moja tu, karibu na kizingiti. Ilitoka na ngozi ya niru, ikaacha jeraha lenye mchanga. Hapo nikakumbuka paa, na mwanga mwembamba, na mtu aliyekuwa akigonga mara mbili na kusubiri. Nikaliziba lile jeraha kwa ncha ya mwiko, nikaweka mikono nyuma. Nikanyunyiza maji juu ya nyasi, nikazifunika kwa majani ya migomba kutoka mlangoni na dirishani, kadiri nilivyofikia, nikaketi kulinda kuku wasiingie.

Kesho yake mchana, nilipobonyeza kwa kidole pembeni na kidole hakikuzama, nikaanza kuzitoa nikiwa juu ya ubao uleule. Shina moja, shina moja. Zilitoka kirahisi, zimelowa, zinanuka mlima. Na chini yake, jamani, sijui niseme nini. Kila unyasi ulikuwa umeacha mwili wake. Mishipa ya majani, vifundo, hata vile vichwa vidogo vyenye mbegu, vyote vimechorwa kwenye saruji ya kijivu, maelfu kwa maelfu, vinaelekea mlangoni kama upepo umepita humo mara moja na kuganda. Niliogopa kukanyaga. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na nilikuwa na hakika kimenifukuzisha kazi.

Fundi Mkuu alifika jioni, jua bado lipo. Alivua viatu. Nikamwona anasimama kizingitini muda mrefu, mkono mmoja kwenye fremu. Kisha akapiga magoti, akalaza pimamaji katikati ya chumba. Povu likatulia kati. Akaigeuza pimamaji kuelekea mlangoni, povu likasogea kidogo, vile linavyotakiwa. Akaomba kikombe cha maji, akayamwaga kwenye kona ya mbali. Maji yakateremka polepole, yakifuata njia za nyasi, yakatoka nje. Akatambaa kona zote nne, pua karibu igusane na saruji, anatafuta nyufa.

“Nani alikufundisha hii?”

Hapo ndipo ningeweza kusema, nimebuni mwenyewe. Hakukuwa na mtu wa kunikanusha. Ma Paskazia angefikiri tunasifu sakafu tu.

“Sikufundishwa, Ta. Nilikwenda kukata majani ya migomba. Niliporudi nikakuta Ma ametandika.”

“Na niru ilikuwa mbichi?”

“Ilikuwa mbichi.”

Ma Paskazia akaingilia kutoka barazani. “Nilimtandikia mgeni wangu. Mgeni mwenyewe mpaka leo hajaingia, na wewe umemtangulia na magoti yako.”

Fundi Mkuu akanigeukia. Alikuwa amekaa chini, kiganja juu ya zile alama. “Kwa nini hukuzing'oa?”

“Niling'oa moja. Iko pale mlangoni, nimeiziba. Nikaona paa ni mgonjwa.”

Aliitafuta ile sehemu kwa kidole mpaka akaipata. Akatikisa kichwa taratibu. “Ungeng'oa ya pili, ningekurudisha kwenye ndoo,” akasema. Akanyanyuka, akavaa viatu. Nilimnyooshea mwiko wake. Akautazama kama chombo cha mtu mwingine.

“Huo ni wako. Kesho nitatafuta mwingine.”

Karani alipokuja kutoka Bukoba hakufurahi. Alikuwa amewaahidi wenzake sakafu ya kioo. Mama yake akamwambia, “Niru ya kioo wanateleza nayo watu wenye magoti mapya. Mimi humu nashika chini.” Na kweli, miaka yote iliyofuata hakuanguka humo hata siku moja.

Baada ya hapo nilifanya kazi sehemu nyingi. Nilijenga Omurushaka chini ya yule mkandarasi, mtu wa kelele na moyo mwema, aliyeniita “Fundi Mama” kabla sijazaa. Miaka ya tisini ilipoanza nikarudi Songambele kwa kazi ya zahanati, Msimamizi wa pale akanipa mabaraza yote mawili. Jumamosi nilizotoka mapema nilimjengea mama yangu la kwake. Hakuwahi kusema mengi juu yake. Alilikalia tu, na maharage yake, kila siku ya mvua.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi wa sakafu anaanza kufa magotini. Nawaona vijana wanafanya kazi nzuri, tena kwa haraka, saruji ipo kila duka, nguzo za baraza mnazipata zimeshafinyangwa zenye maua. Siwaonei wivu. Nawaomba mambo machache tu. Gonga tofali lako usikilize. Mwache mgeni akae kabla ya kumkumbatia. Na siku kitu kikikuharibikia mbele ya macho yako, ficha mikono nyuma kwanza. Mimi nimefanya kazi maisha yote na bado nashangaa. Kamba na chuma bado vinajua kuliko mimi.

Ma Paskazia alifariki kwa amani, kwenye chumba kile, mimi bado sijaingia humo kama mgeni wake. Mwaka nilioacha kazi, mjukuu wake wa kike aliniletea habari: wanatengeneza tena baraza na chumba, wanaweka marumaru. Alisema aliona vibaya wafunike bila mimi kuona. Sikumkataza. Nyumba ya watu ni ya watu, na marumaru ni rahisi kuosha.

Nilifika mchana, mafundi wakiwa wamekwenda kula. Chumba kilikuwa kitupu, maboksi yamepangwa barazani. Sakafu ilikuwa imelainika kwa miguu ya miaka mingi, lakini kwenye kona nyasi zilikuwa bado kali kama zimelala jana. Karibu na kizingiti nikapapasa, nikakuta kile kiraka changu.

Nikapanda nyuma ya nyumba, mlimani. Nikakata nyasi, mzigo mmoja. Nikazitandika kuanzia ukutani hadi mlangoni, vichwa vyote vikitazama mlango, nikazipapasa kwa kiganja mpaka zikalala kwenye nafasi zao. Kisha nikatoka nje, nikavua viatu, nikaingia.